Bahasha ya Saa Kumi

Shiku ananiambia niache kusema "motokaa." Ati siku hizi watu wanasema gari, na vijana wanaotusikiliza wananicheka. Nikamwambia, nyanya yako alipanda motokaa, babu yako alisukuma motokaa ilipokwama matopeni, wewe ni nani uione aibu? Akacheka. Jumamosi hiyo nikaisema mara nne kwa makusudi.

Redio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la sari hapa Wembley, London, na husikika kwa intaneti. Shiku ni muuguzi, redio anaiendesha siku zake za mapumziko. Mimi husoma habari za nyumbani kila Jumamosi saa nne asubuhi. Mke wangu alishatangulia, goti limeharibika, na binti yangu ana shughuli zake huko Barking. Lakini nikifungua mdomo kwenye basi, mtu mzima wa Kenya lazima ageuke: "Wewe si Msabaha? Msabaha wa taarifa ya saa moja?" Wallahi, hapo huwa kijana tena. Jina hilo na sauti hii, basi, ndiyo mali iliyonibakia.

Zama zetu pale redio ya taifa Nairobi, taarifa ya habari ikianza hoteli nzima ilinyamaza, hata mwenye chai mdomoni hamezi. Tulisema "Mtukufu Rais," tukasema "mahasidi wa maendeleo," tukasema "ukoo adinasi," na mtu akisikia anajua leo kumesemwa. Nayakumbuka maneno yale mpaka roho inaniuma. Na yaliyokuwa mazuri kupita yote yalikuja ndani ya bahasha ya saa kumi.

Bahasha ilitoka kwa Mzee Chandrakant na wanawe, waliokuwa wakiunganisha malori na magari kule Eneo la Viwandani, Nairobi. Usiwachukulie hivi hivi. Uchaguzi ukikaribia, kila mgombea wa maana alipewa gari, na mpinzani wake naye akapewa, la rangi nyingine. Kwenye arusi zao mawaziri waligombania viti vya mbele. Wakitaka magari ya kutoka nje yaongezwe kodi, mwezi haupiti Bunge limekwisha kupitisha. Na wakitaka jambo litangazwe, dereva wao alifika saa kumi kamili, habari imeshaandikwa, na mhariri alinikabidhi bila hata kuifungua. Kiswahili chake, subhanallah! Nilidhani wamemwajiri sheikh wa Lamu. Nikayakariri maneno yale nikayafanya yangu, na watu waliponisifu nilisema nimeyanyonya kwa mama.

Mwezi uliopita Mzee Chandrakant akafariki hapa London, miaka tisini na sita. Magazeti ya nyumbani yakamwita "mdau wa sekta ya magari." Mdau! Mtu aliyewatia mawaziri mfukoni anaitwa mdau, sawasawa na mwenye kioski. Nilikuwa bado nanung'unika simu ilipolia. Alikuwa Kalpana, binti wa marehemu, akiniomba nifike kwake Queensbury.

Nilimkuta mama wa miaka sabini na kitu, sari nyeupe ya msiba, miwani minene. Akanimiminia chai ya tangawizi, akaniwekea chevda ya kutafuna kwenye kisahani.

"Bwana Msabaha," akasema, "nilikusikiliza kila jioni. Ulikuwa ukisoma vizuri kuliko nilivyoandika."

Chevda ikabaki mkononi. "Yaani ni wewe? Sheikh wangu ni wewe?"

"Yaya wetu alikuwa wa Lamu. Baba alisema anachotaka, mimi nikakitafutia maneno."

Tulicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Akaniuliza kama nakumbuka "mja mwema asiyejua kuchoka." Nikamwambia, mama, hiyo nimewazikia watu nusu ya Nairobi! Saa nzima tulikumbushana hivyo, na nilifurahi kwa namna ambayo sijafurahi tangu nifiwe.

Kisha akanipa bahasha. Tanzia ya baba yake, niisome Jumamosi. Nikaifungua nikitarajia adinasi na mahasidi. Wapi! Iliandikwa hivi:

"Chandrakant amefariki. Aliwapa watu kazi, na aliwanunua wakubwa. Mashine yake ilipomkata mkono fundi aitwaye Kibet, wenzake waligoma, wakitaka mashine zitengenezwe. Mimi, binti yake, niliandika kwamba ni wakorofi wachache waliolishwa maneno na mahasidi. Watu mia mbili walifukuzwa kazi, na wengine wakafungwa. Msomaji wa habari hana lawama. Alisoma alichopewa, na hakujua."

"Marehemu hasemwi, Bi Kalpana," nikasema kwa ukali. "Na mimi umeniingizia nini humu?"

"Marehemu nimemsema mimi, mwanawe. Na wewe nimekutoa, sikukuingiza. Sitaki watu wakulaumu."

Nilirudi na basi nimefura kama andazi. Kwa sababu siku ile ya ajali nilipita langoni pa kiwanda. Nilikuwa naenda kazini, nikamwona Kibet anapakiwa kwenye pikapu, mkono umefungwa shati, wanaume wazima wanalia. Saa moja jioni nikasoma "wakorofi wachache," tena kwa madaha. Nilijiambia kazi ni kazi, nina watoto, mambo ya wakubwa hayanihusu. Hata mke wangu sikumwambia. Sasa mwandishi mwenyewe amenisafisha, kwa mwandiko wake. Kuna haja gani ya kujipaka matope uzeeni, na kuitia doa sauti ambayo watu huigeukia kwenye basi? Siku tatu nilijiuliza hilo.

Jumamosi nikaketi mbele ya maikrofoni. Nilisoma polepole, bila madaha. Shiku aliacha kugusa mitambo, akawa ananitazama tu. Nilipofika mstari wa mwisho nikaiweka karatasi mezani. Maishani mwangu sijawahi kubadilisha neno la bahasha ile.

"Msomaji wa habari alikuwa mimi, Msabaha," nikasema. "Asubuhi ile nilipita langoni, nikamwona Kibet na damu yake. Nilijua."

Shiku akaweka muziki haraka. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu yake. Akanisomea wa kwanza: "Mzee, baba yetu alikuwa mmoja wa hao mia mbili. Tulikuwa tukikupenda." Nikamwomba asinisomee mwingine.

Halafu simu yangu ikalia.

"Ulijua?" akauliza Kalpana.

"Nilijua, Bi Kalpana."

Nikangoja anitukane, maana ilikuwa haki yake.

"Miaka arobaini," akasema, "nilidhani nimelibeba peke yangu."

Akaangua kilio, na mimi nikalia naye, mbele ya Shiku, bila kuona haya.