Kibali Kiko Wapi

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Verdell Tarpley alifundisha uraia katika sekondari ya mji wao mdogo wa Alabama, na hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake bila kukariri Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yale yanayokataza kupekuliwa ovyo, neno kwa neno, amesimama wima. Ukikosea, unarudia mwanzo. Ukinong'ona, unarudia mwanzo. "Polisi akija mlangoni kwako," aliwaambia, "muulize kibali cha hakimu kiko wapi. Hana? Mwambie hapana. Adabu haikukatazi kusema hapana."

Na siku polisi walipokuja mlangoni kwake mwenyewe, aliwakatia keki.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Askari wawili wa kaunti walisimama barazani wakichuruzika maji, na mmoja wao alikuwa Cody Rudd, aliyekaa dawati la mbele darasani kwake. Tangu enzi za mama yake Verdell, nyumba ile haijapata kumwacha mtu kwenye mvua.

"Ingieni, mtaugua nyie," akasema, akawaandalia kahawa jikoni.

Cody alimaliza kipande cha pili cha keki ndipo akaeleza, kwa upole wote, kwamba jenereta ya kanisa imeibwa na kuna mtu kamwona mwanamume anachechemea gizani. Lonnie, mdogo wake Verdell, aliyeishi chumba cha nyuma, alikuwa anachechemea. Saa ile alikuwa kazini, kiwanda cha mbao.

"Mwalimu, utaona vibaya tukitazama-tazama kidogo chumbani kwake?"

Hapana. Neno lenyewe ni hilo moja tu. Halikumtoka, maana utamwambiaje hapana mtoto uliyemfundisha, na makombo ya keki yako bado yako mdomoni mwake? Kiburi nacho kikampanda. Akina Tarpley si wezi.

"Tazameni tu," akasema. "Sisi hatuna cha kuficha."

Jenereta hawakuiona. Waliona kopo la biskuti juu ya kabati, na ndani yake bastola ya marehemu baba yao, ambayo Verdell alidhani iliuzwa zamani. Lonnie alifungwa akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa haruhusiwi kuwa na silaha maisha yake yote. Sasa ana miaka hamsini na minane, goti bovu na ugonjwa wa sukari, na jela inamsubiri tena kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yake.

Wakili wao hakuzunguka sana. "Yote yanasimama kwenye ulichosema jikoni, Mwalimu. Kama hukuwaruhusu, bastola inatupwa nje ya kesi na Lonnie anarudi nyumbani. Hebu jaribu kukumbuka vizuri. Una hakika uliwaruhusu?"

Verdell alielewa anaombwa nini. Lonnie naye alielewa, akamvuta pembeni kwenye korido ya mahakama.

"Dada, usinipandie kizimbani na uongo. Hata kuku hujui kumdanganya. Utaumbuka, halafu mimi nifungwe na aibu juu."

Cody ndiye aliyetangulia kuapa. Wakili akamuuliza kwa nini hakwenda kuomba kibali.

"Hakimu asingenipa. Kuchechemea peke yake si sababu ya kutosha."

"Kwa hiyo ukafanyaje?"

Cody akatazama viatu vyake. "Nilisubiri mvua. Siku tatu. Nilijua Mwalimu hamwachi mtu kwenye mvua."

Damu ilimchemka Verdell mpaka macho yakaona giza. Siku tatu! Kijana mzima na bunduki kiunoni, amekaa anatazama mawingu ili aje autumie wema wa mama wa watu kama mwizi anavyotumia dirisha lililo wazi. Na amelisema mbele za watu, kwa kiapo, bila hofu, kwa kuwa anajua halina adhabu.

Zamu yake ilipofika alisema kweli. Alisema kwa hasira, kila neno akilitupa kama jiwe, lakini alisema kweli.

"Alikutisha?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Hapana."

"Ulimwambia atazame?"

"Nilimwambia."

"Ulijua una haki ya kukataa?"

Nusu ya watu waliokuwa mle ndani walipita mikononi mwake. Wote walimtazama.

"Nimeifundisha haki hiyo kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

Hakimu akaamua: ruhusa ilitolewa kwa hiari, bastola inabaki kuwa ushahidi.

"Alisubiri mvua, mheshimiwa!" Verdell alisimama. "Umemsikia kwa masikio yako!"

"Sheria haikatazi mvua, mama. Kaa chini."

"Sikai! Nimewafundisha watoto wenu kwamba nyumba ya mtu ni ngome. Kumbe ufunguo wake ni kikombe cha kahawa!"

Walimtoa nje. Lonnie alipata miaka mitano.

Mwezi wa kumi mvua ilirudi. Verdell alikuwa amekwisha kufunga komeo jipya kwenye mlango wa wavu, komeo la kwanza tangu nyumba ijengwe. Akasikia hodi. Alikuwa Cody, peke yake, hana sare, kofia ameishika mkononi.

"Mwalimu, ni mimi. Nimekuja kuomba radhi."

"Kibali kiko wapi?"

"Sina. Sikuja kikazi."

"Basi shuka barazani kwangu. Simama pale chini ya ngazi, wima. Marekebisho ya Nne. Anza."

Alidhani ataondoka. Cody akashuka, mvua ikampiga kichwani, akaanza. "Haki ya watu kuwa salama katika nafsi zao, nyumba zao, karatasi zao na mali zao, dhidi ya upekuzi na ukamataji usio na sababu, haitavunjwa..." Hakukosea. Hakunong'ona. Alikwenda nayo yote, kiapo na sababu ya msingi, mpaka mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa, neno kwa neno, kama siku ile ya mtihani.

Verdell alisikiliza ameshika wavu. Alikuwa ameomba, Mungu amsamehe, kwamba kijana awe amesahau. Aliyesahau, Verdell angeweza kumsamehe.

"Mia kwa mia," akasema, akafunga mlango wa ndani, akamwacha kwenye mvua.