Gari Linaloamshwa na Mtu Mmoja

Tangazo lilikuwa halijafika mbali. Lilisema: "Linauzwa gari dogo la familia, rangi ya maziwa, milango minne, mwenye gari ni mmoja tangu mwanzo." Hapo Kitinda akakwama. Sentensi iliyofuata ilitakiwa kusema kama gari linawaka au haliwaki, naye hakujua.

"Andika kweli tupu," baba yake alikuwa amemwambia. Baba alikuwa fundi cherehani mstaafu, mtu aliyewahi kufumua suti nzima kwa sababu ya mshono ambao mteja mwenyewe hakuuona. "Mtu akinunua kitu kwangu, sitaki aje kunitaja vibaya barabarani. Gari limezeeka, linanitia aibu. Mteja anakuja leo mchana. Mwandikie uzuri wake na ubaya wake, asome kabla hajafika."

Basi Kitinda, mtoto wa mwisho ambaye nyumba nzima ilimwachia kazi za kuandika kwa kuwa alisoma chuo na kwa kuwa hakujua kukataa, akaanza kuwazungukia watu wa gari hilo mmoja mmoja. Alidhani atapata jibu. Alipata majibu.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. "Gari lile? Raha tupu. Nikikaa tu, usingizi unanichukua kabla hatujatoka getini. Andika kwamba mimi sitaki liuzwe."

"Mama, hilo siwezi kuliandika kwenye tangazo."

"Basi andika viti vimezoea mgongo wangu, havimtaki mtu mwingine."

Kaka yake, mwalimu wa hesabu mwenye miguu mirefu kama ngazi, alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani. "Raha gani? Mimi nikikaa nyuma magoti yananigonga kidevu. Lakini kuwaka, Kitinda, halijawahi kuninyima hata mara moja. Ufunguo ukigusa tu, hilo!"

"Mbona kwa baba haliwaki?"

"Labda limemchoka." Akacheka, kisha akaona mdogo wake hacheki, akajikuna shingo. "Sijui, bwana. Kweli sijui."

Fundi wa gari alipopigiwa simu alipumua kwanza. "Dada yangu, betri nimeweka mpya. Stata nimeishusha, nimeipandisha. Kila ukiniletea, linakuja linaimba. Mgonjwa akifika hospitali anacheza mpira, daktari atibu nini?"

Kitinda akarudi kwenye karatasi yake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, lakini hapa hapakuwa na mwongo hata mmoja. Mwenyewe alikuwa ameyaona kwa macho. Asubuhi baba anakwenda kuwasha gari, na humo ndani hakisikiki hata kikohozi. Anatoka uso umekunjamana, anamkabidhi ufunguo: "Hebu jaribu wewe, labda leo lina siku zake." Kitinda anajaribu, na gari linaamka papo hapo, laini, kama halikuwahi kumkosea mtu. Kimya kinachofuata ndicho kilichokuwa kibaya. Baba anapigapiga paa, anasema "Haya," na siku hizi hata safari yenyewe anaiacha, anarudi ndani.

Gari hilo nyumbani waliliita Mkwe, kwa kuwa lilikuwa kimya, safi, na kila mtu alilinyenyekea. Baba alilipata baada ya maisha mazima ya kuinamia cherehani. Likiuzwa, Kitinda hakujua mzee angeamkia nini. Lisipouzwa, angeaibishwa na chuma kila siku ya Mungu.

Alishajaribu kuwaza kila kitu. Aliwahi kubadilisha ufunguo, akampa baba ule wa akiba, haukusaidia. Akawaza labda ni vifungo vya chuma vya shati lake, akajicheka peke yake. Siku moja akawaza kwamba pengine baba amesahau ufunguo unazungushwa upande gani, na wazo hilo likamtia haya mpaka akaenda kumchemshia chai ambayo hakuiomba.

Kitu kimoja tu hakuwa amekifanya: kukaa kando yake. Kwa maana ilikuwapo kanuni. Gari huamshwa na mtu mmoja. Tangu siku ya kwanza baba alikataza mtu kuingia kabla injini haijapata joto. "Likiamka na kelele za watu linachanganyikiwa," alisema, nao wakatii bila kuuliza, wakawa wanasubiri barazani na mikoba yao kama abiria wa treni. Watoto walikua, wakapata leseni, kanuni ikabaki pale pale.

Sasa baba alipita mlangoni, ufunguo mkononi. Alitaka kulijaribu kabla mteja hajaja. Kitinda akainuka, akamfuata.

"Baba, naomba niingie nawe."

"Kanuni unaijua."

"Naijua. Lakini nitaandikaje kitu ambacho sijakiona?"

Baba akamtazama vile alivyokuwa akitazama kitambaa kabla ya kutia mkasi. "Ingia. Usiseme neno."

Akaingia. Baba akavuta kiti, akarekebisha kioo, akatia ufunguo. Taa nyekundu zikawaka mbele yake. Akazungusha. Kimya. Kitinda alitazama ufunguo: upande ulikuwa sahihi. Alitazama mkono: haukutetemeka. Vifungo vya shati vilikuwa vya plastiki. Baba akazungusha tena. Kimya kile kile.

Kitinda aliona haya kumtazama usoni, ndiyo maana akatazama chini.

Mguu wa kushoto wa baba ulikuwa juu ya klachi. Klachi ilikuwa imeshuka nusu, ikaishia hapo, na vidole ndani ya kandambili vilikuwa vikitetemeka kidogo kidogo. Kitinda akakumbuka mguu wake mwenyewe, jinsi ulivyokwenda mpaka kwenye zulia kila alipowasha gari hili. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Bila klachi kufika chini kabisa, gari hili halikubali kuwaka.

"Baba, kanyaga klachi."

"Nimekanyaga."

"Mpaka chini."

"Mwanangu, iko chini."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina lake, na hapo Kitinda hakujua amwamini nani, macho yake au baba yake. Alitazama tena. Nusu. Akainama, akaweka kiganja juu ya goti la mzee, akasukuma. Mguu ukashuka bila ubishi, klachi ikashuka nao.

"Washa sasa."

Mkwe likaamka.

Walikaa hivyo, injini ikinguruma, mkono wa binti juu ya goti la baba. Barazani mama akapiga makofi. "Limewaka! Mzee wangu, limekuwakia mwenyewe!"

Baba alikuwa akilitazama goti lake kama goti la mgeni. "Nilihisi imefika," alisema. Akajibonyeza paja kwa kidole gumba, akajifinya. "Hapa kama kuna bitana, kitambaa cha ndani, kati ya kidole na nyama. Si maumivu. Ingekuwa maumivu ningesema."

"Tangu lini, baba?"

"Unaniuliza mimi?" Kisha akasema polepole, "Kweli, ni mimi wa kuulizwa. Sijui."

Mama alikuwa bado anapiga makofi. Baba akampungia mkono, akatabasamu, tabasamu likaishia njiani. "Usimwambie," alinong'ona. "Au mwambie. Sijui, mwanangu. Mpigie yule mteja, asije."

"Kwa hiyo haliuzwi?"

"Nitaliuza kwa ubaya gani? Halina."

Akashuka. Alizunguka mbele ya gari huku ameegemeza kiganja kwenye boneti, na Kitinda, akiwa anasogea kwenye usukani, hakukumbuka kama siku zote baba alizunguka hivyo au ni leo tu. Mama akaja mbio na mkoba wake, akaingia nyuma.

"Mbona umekaa huko, mzee? Tunakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Ndiyo tunakwenda kuuliza," alisema baba.

Mama akamgeukia binti yake, kisha mumewe, kisha binti yake tena. Kitinda akatia gia. Aliachia klachi haraka mno, gari likaruka mara moja na kuzimika kabla ya kufika getini.

"Kosa hilo sasa ni lako, si langu," alisema baba.

Mama akacheka bila kujua anacheka nini. Kitinda akakanyaga tena klachi. Alihisi imefika chini. Hata hivyo akainama, akatazama kwa macho, ndipo akazungusha ufunguo.