Mizigo Yote Ilifika

"Usinipigie kelele mimi, Lusajo," dada Nelly alisema, na yeye mwenyewe anapiga kelele mpaka jirani Mchina akagonga ukuta.

Lusajo hakushusha sauti hata kidogo. Tangu asubuhi alikuwa na karatasi moja mkononi, haiachii. Ilikuwa kopi ya shajara ya Kanali Pellowe, yule Mwingereza wa zamani ambaye dada yake alikuwa anamsomea udaktari wa historia hapa Guangzhou, mwaka wa nne huu. Lusajo yeye alimaliza fomu siksi, akakosa chuo, akaitwa huku aje ajifunze biashara. Ikawa mchana anabeba jinzi za watu kwenye soko la nguo la Shahe, jioni anamchapia dada maandishi ya marehemu, mwandiko kama kuku kapita.

Kanali huyo, bwana, vita alipigana akiwa mezani. Watu wangapi, unga kiasi gani, njia ipi: hiyo ndiyo ilikuwa bunduki yake. Alianzia hapa hapa Guangzhou, luteni mdogo, akipanga wapagazi wa Kichina wabebe ngazi za kupandia ukuta wa mji. Wapagazi wakafia chini ya ngazi, yeye akapata medali. Ya pili akaipata Uhabeshi. Ya tatu aliipata uzeeni, kwao kina Lusajo, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mizigo mia tatu ilifika bomani, haukupotea hata mmoja.

Sasa ule ukurasa wa Lusajo ulikuwa unasema kilichofuata. Wapagazi walitua mizigo, wakarudi nje kubeba majeruhi. Adui walipokaribia, Kanali akaamuru lango lifungwe. Arobaini na mmoja wakabaki nje, wakagonga mpaka wakanyamaza.

Nelly alikuwa ameutoa kwenye tasnifu yake. Kazi nzima inatumwa chuoni saa nane mchana, na ukurasa huo haumo.

Lusajo alimwambia yote yaliyomjia mdomoni. Kwamba mfuko wa ukoo wa Kanali ndio unamlipia ada, ndiyo maana kawa mwoga. Kwamba angekuwa yeye, angeandika, liwalo na liwe.

"Wanakusomesha ili uwaoshee babu yao," akasema.

Nelly aliinuka. Alivuta droo, akampa karatasi nyingine, ambayo hakuwahi kupewa aichape.

"Soma kwa sauti."

Akasoma. Kanali aliandika kwamba askari wake waligoma kufunga lango. Aliyelifunga na kutia komeo alikuwa nyapara wa wapagazi, mtu wa kule kule, na waliokuwa nje walikuwa wanamwita kwa jina. Alizawadiwa ng'ombe kumi na wawili. Jina lake Mwalukasa.

Lile lile la kwenye pasipoti ya Lusajo.

Ng'ombe kumi na wawili. Amewasikia tangu hajui kujifuta kamasi. Kila Krismasi baba anasimama, anawasimulia watu: babu alipewa ng'ombe kwa ushujaa, ng'ombe wakaleta shamba la mpunga, shamba likaleta ada ya shule, shule ikamfikisha Nelly China.

"Wajukuu wa wale wa nje wako Kyela mpaka leo," Nelly alisema, sauti imeisha. "Tunakaa nao benchi moja kanisani. Ukitaka nirudishe, narudisha kurasa zote mbili. Ila baba utampigia wewe, kabla sijatuma."

Lusajo akatoa simu. Kyela ilikuwa asubuhi, mzee keshaamka, yupo na chai yake. Picha yake ikatokea kwenye kioo, kavaa suti ya mahafali ya Nelly, anacheka. Kidole kikasimama juu ya picha hiyo, kikasimama weee, mwishowe kioo kikazima chenyewe.

Akairudisha simu mfukoni. Akasema anasubiriwa Shahe, yule laoban, bosi wake wa jinzi, hana subira na mtu.

"Niweke au nisiweke?" Nelly akauliza.

Lusajo alizilaza karatasi mezani, maandishi chini, akavaa viatu bila kufunga kamba. Nelly akamwita. Akamwita tena, kwa jina la ukoo safari hii. Yeye keshafika koridoni, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.