Dumu la Mafuta ya Gia

Jumatano, tarehe 10 Aprili 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mvua ya rasharasha, ziwa limefichwa na ukungu. Ilikuwa Idi. Mama yangu alikwishalazwa kwenye godoro nyuma ya Land Cruiser kuukuu, niliyouziwa na shirika lililofunga ofisi zake Kigoma. Daktari alikuwa amempa siku tatu. Safari ya kwetu Mbinga ni ya siku mbili, na mabasi hayampokei mtu asiyeweza kukaa.

"Nifike nikiwa bado naona," alikuwa ameniambia. Hakuomba jambo jingine.

Niliingia chini ya gari kwa ukaguzi wa mwisho. Nilipofungua nati ya difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli ya nyuma, yalinitiririkia mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Amuri," nilimwita dereva, aliyekubali kuikosa swala ya Idi kwa ajili yetu, "jana ulilipeleka wapi gari?"

"Kuliosha, Mwalimu. Kibirizi. Gari la mgonjwa liondoke na tope? Nilirudi nyuma ziwani mpaka maji yakafunika ringi za magurudumu, kama tunavyofanya siku zote."

"Ukitoka kulijaribu kwenye mlima wa Mwandiga?"

"Moja kwa moja."

Difu ya moto ikitumbukizwa katika maji baridi huyanyonya, yakachanganyika na mafuta. Kwa mafuta yale tungekwama porini kabla ya Mpanda. Maduka ya vipuri ya mtaa wa Mwanga yalikuwa yamefungwa, na wenyewe wamekwenda kula sikukuu vijijini. Alibaki Pastory, mwenye maboti. Injini zake hutumia mafuta ya gia ya aina hiyohiyo.

Pastory nilisoma naye bweni. Nilikuwa kiranja mkuu. Yeye alifukuzwa kidato cha tatu kwa kuiba sukari ya stoo, na shahidi nilikuwa mimi.

Tulimkuta ufukweni akihesabu nyavu na watu wake.

"Kiranja mkuu," alisema, "umekuja kukagua mashuka?"

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaleta dumu, akaliweka mchangani katikati yetu.

"Sitaki hela. Nataka neno. Waambie hawa kwamba usiku ule hukuniona."

"Nilikuona."

"Kulikuwa na giza."

"Ulikuwa na taa ya mkono, Pastory. Na shati lako lilikuwa na sukari."

Vijana wake walicheka. Yeye hakucheka.

"Neno moja," alisema, "mama yako aondoke."

"Mwalimu," Amuri alininong'oneza, "sema tu. Mungu anajua hali yako."

Nilimwona mama kwenye godoro, nikaliona dumu, mkono wangu ukaenda nusu ya njia.

"Nilikuona," nikasema.

Pastory alilibeba dumu lake.

Nyumbani, mama aliuliza, "Amekupa?"

"Alitaka niseme uongo."

Hakunilaumu, na hakunisifu. "Basi nishusheni," alisema. "Mvua inaingia humu."

Alifariki kesho yake alasiri, uso ukiwa umeelekea ukutani. Difu ilipata mafuta Ijumaa, na Mbinga alifika ndani ya jeneza.

Pastory hutangaza sokoni kwamba lile neno bado ananidai. Silipi.