Mlio wa Sikio la Kushoto

Mpiga fidla alianza kujibu mambo asiyoulizwa. Mumewe akimwambia chai inapoa, yeye anajibu kwamba mlango ameshaufunga. Watoto walicheka, naye akacheka nao, ila moyoni hakuwa na raha. Sikio la kushoto lilimlia kama birika lililosahauliwa jikoni, na sauti nyembamba za fidla yake mwenyewe zilishaanza kumpotea.

Chanzo alikijua. Kwenye okestra alikaa mbele kabisa ya tarumbeta, na mpiga tarumbeta alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu aliyejaliwa mapafu. Akimwambia, ataona analaumiwa. Akimwambia kiongozi wa okestra, huenda akawekwa kando. Basi akameza, akawa anachungulia upinde wa jirani yake ajue wamefika wapi.

Siku moja mazoezini kiongozi alisimamisha muziki. Mpiga fidla akaendelea peke yake. Ukumbi mzima ukamgeukia.

Wakati wa mapumziko shemeji alimkuta koridoni ameegemea ukuta, fidla kaikumbatia.

"Shemeji, unasikia vizuri kweli?"

Alitaka kukana, machozi yakamtangulia. Akamweleza yote, hata lile la tarumbeta. Shemeji hakununa. Alijikalia sakafuni, akavua miwani.

"Mimi ni sikio la kulia. Linavuma tangu mwaka jana, na hata kaka sijamwambia. Nilidhani niko peke yangu."

Wakaenda pamoja kwa kiongozi wakamweleza. Kiongozi, mama mtu mzima, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza kwa nini wamejitesa muda wote huo. Hakuna aliyefukuzwa. Daktari wa masikio aliwapima akawaambia ukweli: kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki ni kingi na kinalindika. Akawachongea vizibo vya masikio vya kupunguza kishindo bila kuua wimbo, na mpiga fidla akapata kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia. Ukumbini tarumbeta zikapandishwa jukwaa la juu, sauti ipite juu ya vichwa vya watu. Wiki ile ile wanamuziki wengine kadhaa, waliokuwa kimya kama wao, wakaomba kupimwa.

Baada ya mazoezi ya kwanza wakiwa na vizibo, wawili hao walirudi kwa miguu, shemeji akisimulia kwa sauti iliyofanya wapita njia wageuke.

"Punguza, shemeji. Nakusikia."

"Wewe unanisikia," alisema. "Mimi ndiye sijisikii."

Wakacheka hadi ikabidi wasimame.