Mguu Mzima ni Upi?

"Mwalimu, hongera," mkuu wa shule alisema huku akimsogezea kiti. "Majibu ya bodi ya afya yametoka. Miguu yako iko sawa."

Mwalimu wa jiografia alidhani amesikia vibaya. Aliegemeza mkongojo ukutani, akakaa kwa namna yake ya siku zote: mkono mezani kwanza, kisha kiuno, miguu mwisho.

"Iko sawa vipi?"

"Daktari wa bodi anasema nguvu za mguu wa kulia na za wa kushoto hazina tofauti. Kwa hiyo ombi lako la kuhamishiwa chini limekataliwa. Kidato cha nne kitabaki ghorofa ya tatu, na wewe utakifuata huko huko."

Mwalimu hakujibu. Wanafunzi wake wangekuwepo wangeanza kukusanya vitabu, maana walimjua: akifoka, mambo ni mepesi, akinyamaza, afadhali ujiondoe mapema. Aliomba nakala ya yale majibu, akaikunja, akaaga kwa adabu zote.

Alizaliwa na hemofilia, maradhi yanayofanya damu ichelewe kuganda. Watu hudhani mwenye maradhi hayo ataponzwa na wembe au kisu cha jikoni. Kumbe balaa lenyewe liko ndani kwa ndani. Damu huvujia magotini hata bila mtu kuanguka, na kila inapovuja inakula gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, mpaka mfupa unasaga mfupa. Utotoni mwake sindano za kugandisha damu zilikuwa za kusikia tu. Mama yake alimkanda kwa vitambaa vya maji baridi, akamlaza. Goti likiuma alilala, akilala misuli ilinywea, ikinywea goti lilikosa wa kulishikilia, likavimba tena. Akawa mtu mzima mwenye mabega ya mbeba mizigo na mapaja ya mtoto.

Kupanda ngazi za shule kulikuwa shida. Kushuka kulikuwa adhabu. Kila hatua ya kushuka goti lilitaka kumkimbia, naye akaning'inia kwenye chuma cha pembeni huku wanafunzi wakimpita mbio na kumwamkia kwa heshima. Ikifika mwisho wa wiki magoti yalikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba alikuwa amepimwa vizuri. Mtaalamu wa viungo pale hospitali, binti mpole ambaye wagonjwa wote walimwita Dada wa Mazoezi, hakumfanyia pupa hata kidogo. Alianza kwa kumwekea nyuma ya kiganja juu ya kila goti, akitafuta joto. Akamuuliza kama amechoma sindano yake asubuhi ile. Ndipo akamkalisha kwenye kiti kirefu, akamfunga mkanda kiunoni ili asijisaidie kwa mwili, akaegemeza kipimo kidogo chenye ukubwa wa ngumi mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo.

"Sukuma polepole, kisha ongeza," alimwambia. "Usinipige teke. Ukisikia kuchoma, acha hapo hapo, wala sitakulaumu."

Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mguu wa kulia, wa kushoto, akapumzika, akarudia. Mwisho Dada wa Mazoezi alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Baba, nisikufiche. Mtu wa umri wako na uzito wako angesukuma zaidi ya mara mbili ya hivi. Na nasema miguu yote miwili."

Siku ile alirudi nyumbani akikaribia kufurahi. Miaka yote alikuwa akieleza kwa mdomo, na watu wakimtazama kama mtegaji wa kazi. Sasa kuna aliyepima.

Na leo anaambiwa yuko sawa.

Mkewe, fundi wa kushona, alisimamisha cherehani alipomwona uso. Alisomewa majibu, akataka asomewe tena.

"Kwa hiyo kipofu wa macho mawili anaona," alisema, "kwa vile macho yake hayana tofauti."

Mwalimu alicheka, kicheko kikavu.

"Usicheke, baba watoto. Mimi ndiye ninayekuvua viatu kila jioni. Huyo daktari aliwahi kukuvua hata soksi?"

"Hata mlangoni kwake sipajui."

"Basi kesho nenda kwa yule binti. Na usiende na upole wako huo."

Dada wa Mazoezi aliisoma nakala akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mimi niliandika mambo mawili," alisema. "Kwamba miguu haitofautiani, na kwamba yote ni dhaifu mno. Wamechukua la kwanza, la pili wamelitupa." Alivua miwani, akaifuta kwa nguvu kana kwamba kosa ni la miwani. "Omba kikao. Nitakuja. Nikinyamaza, nitakuwa nimekupima bure."

Kikao kilipangwa katika ofisi za bodi, ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa mbovu. Msichana wa mapokezi alimwelekeza mwalimu kwenye ngazi, akaona mkongojo, akainamisha macho. Mwalimu akaketi kwenye benchi la wageni.

"Waambie nimefika kwa wakati," alisema. "Nipo hapa chini."

Walipiga simu kutoka juu kuuliza anakuja lini. Msichana akasema hapandi. Wakapiga tena. Mwishowe Dada wa Mazoezi alipanda mwenyewe, na baada ya kitambo wakashuka wote, wamenuna: mama mwenyekiti, daktari wa bodi na mkuu wa shule. Kikao kikafanyika hapo mapokezi, watu wengine wakingoja huduma zao na kutega masikio.

"Hatuna ubaya na wewe, mwalimu," daktari alianza. "Utaratibu ndio huo. Tunalinganisha mguu mgonjwa na mguu mzima. Tofauti ikiwa ndogo, hakuna upungufu."

Mwalimu alikunja suruali, mguu mmoja, kisha wa pili. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja yaliyoyashikilia.

"Mguu mzima ni upi?" aliuliza.

Daktari alitazama. "Tuseme ule wenye nafuu."

"Hakuna wenye nafuu. Tangu utotoni sijawahi kuwa na mguu mzima. Umenilinganisha na mimi mwenyewe, ukaona nafanana."

Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma aliguna. Mkuu wa shule akakohoa, akapendekeza njia ya mkato: ngazi si hizi hapa, mwalimu apande kidogo, kila mtu ajionee.

"Sipandi," mwalimu alisema. "Mimi si maonyesho."

"Na akipanda akavuja damu gotini?" Dada wa Mazoezi aliuliza bila kupaza sauti. "Atalala kitandani wiki kadhaa ili sisi turidhike? Vipimo vyake mnavyo. Visomeni vyote."

Daktari alisema, bila aibu yoyote, kwamba yeye hujaza fomu pale inapomtaka ajaze, na fomu inauliza tofauti tu.

Mama mwenyekiti aliangalia saa. "Basi, kwa huruma, bodi inamruhusu mwalimu afundishie chini."

"Ondoeni hiyo huruma," mwalimu alisema. "Semeni mlikosea."

"Umepata ulichokitaka, mwalimu."

"Nimepata chumba."

Hawakusema walikosea, si siku ile wala baadaye. Aliwaandikia mara mbili akidai wasahihishe, wakamkalia kimya. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, kinanuka mpira na vumbi, dirisha moja halifungi. Wanafunzi walishusha madawati wenyewe, wakapiga deki, wakabandika ramani ya dunia juu ya nyufa. Mwalimu alifundisha. Magoti yakapungua moto, hasira haikupungua.

Dada wa Mazoezi alimpa mazoezi ya mapaja, kwa uzito mdogo, baada ya sindano, na kuacha kila anaposikia joto. Miezi ikapita, akampima tena. Nguvu zilikuwa zimepanda kidogo, kulia na kushoto. Yeye alifurahi kuliko mgonjwa.

"Hufurahi, baba?"

"Nafurahi," alisema akivaa kiatu. "Ila nawaza zingekuwa zimepanda kiasi gani, kama nisingezimalizia kwenye zile ngazi."

Dada wa Mazoezi alifungua mkanda wa kiti. Kuna mlinzi mmoja, alimwambia, naye anaumwa magoti yote mawili, anataka kazi ya kukaa, na bodi imemwita wiki ijayo.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mwalimu alichukua mkongojo wake, akasimama.

"Mpe namba yangu ya simu," alisema. "Asiende peke yake."