Kwani Virusi Vipo Vingapi?

1.

Sisi ni virusi.

Rudi hapa, unakimbilia wapi? Nani kakutaka wewe? Tumefugwa maabara, tukafundishwa kula kitu kimoja tu: seli za kansa. Tumechomwa tumboni mwa Tunu, fundi cherehani, mke wa Shomari, maana kansa yake ya ovari imezishinda dawa zote. Tunaingia ndani ya seli, tunazaana humo, tunaipasua. Ukatili? Ndiyo. Ndiyo kazi tuliyopewa.

2.

TANGAZO KWA WASHIRIKI WA UTAFITI

Mshiriki atakayekosa sindano ya pili ataondolewa kwenye utafiti. Hatapewa nafasi nyingine. Uongozi unawatakia afya njema.

3.

Uani. Mgeni, dada yake Shomari, anaosha vyombo na jirani.

— Wifi yangu kachomwa virusi hospitali.

— We! Virusi gani?

— Kwani virusi vipo vingapi?

— Astaghfirullah!

Jioni kikombe cha Tunu kilifungwa uzi mwekundu, kisije kikachanganyika na vya wenzake.

4.

Sisi ni askari wa mwili wa Tunu, chembe nyeupe za damu. Aibu tupu! Kansa ilituambia, "Mimi ndugu yenu," tukaamini, tukalala. Sasa virusi vimepasua seli chache, tumeamka, tumeuona uongo wake, na tuna hasira. Lakini tu wachache, msomaji. Visipoletwa virusi vingine tutalala

tena

5.

"Baba Hidaya, daktari si alikueleza? Hivi si vya UKIMWI. Uvimbe umeanza kunywea."

"Nimeelewa, mke wangu," Shomari alisema. "Watu ndio hawajaelewa."

"Kwa hiyo nife, nikiwasubiri waelewe?"

Shomari alivaa viatu. Hakumtazama. Alitoka, akaufunga mlango kwa nje, ufunguo akampa dada yake.

6.

Siku ya sindano. Simu ya Tunu inaita mkononi mwa Mgeni.

— Daktari Nkya hapa. Tunamsubiri Tunu, sindano iko tayari.

— Tunu kashapona, daktari. Msipige tena.

— Kapona? Hebu nipe niongee naye.

— Kalala.

— Na huo mlango unaogongwa?

— Huo ni

— DAKTARI! NIPO HUMU ND

Simu ilikatwa. Daktari Nkya alipiga tena, haikupatikana. Akawageukia wauguzi.

"Nani hapa anapajua kwa Tunu?"